Maswali ya Wasomaji: Spika Ndogo na Sebule Yenye Mwangwi

Barua nyingi za safari hii zimehusu spika ndogo za rafuni, zile za jozi ambazo kila kasha lina wufa (kipaza cha besi) ya inchi tano au sita na twita (kipaza kidogo cha sauti za juu) juu yake. Karibu wote walioandika wanauliza wanunue nini. Nimezisoma zote, na naona kwamba wengi wao wana kitu cha kusogeza kabla hawajafikia kununua chochote. Ndiyo maana baadhi ya majibu hapa chini yatawaudhi wenye maduka.

SWALI: Ndugu Fundi, nimenunua spika mbili za mtumba, nikaziweka juu ya kabati la vitabu lililoegemea ukuta, kila moja kwenye kona yake. Sebule yangu ina upana wa mita tatu na urefu wa mita nne, sakafu ni ya vigae, kuta ni za saruji, na kochi limeegemea ukuta wa upande wa pili. Besi inavuma kama pipa tupu linalopigwa, na maneno ya mwimbaji siyapati vizuri. Fundi wa mtaani ananishauri ninunue sabufa na amplifaya kubwa zaidi. Nimfuate? — *Msomaji, Morogoro*

JIBU: La, usimfuate. Sabufa huongeza besi, nawe unalalamikia besi iliyozidi. Amplifaya kubwa nayo italikuza kosa lile lile. Spika zako huenda ni nzima kabisa, ila zimewekwa mahali pabaya, na wewe mwenyewe umeketi mahali pabaya.

Sauti za juu zinazotoka kwenye twita huelekea mbele, kama mwanga wa tochi, lakini besi hutapakaa pande zote, hata nyuma ya kasha. Ukuta ulio karibu huirudisha, ikaungana na ile inayotoka mbele, na kila ukuta unaoongezeka unaweza kuikuza hadi kufikia desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiweka spika kwenye kona umeipa kuta mbili kwa pamoja. Kisha besi hujikusanya tena kwenye ukuta wa upande wa pili, yaani pale pale ulipoegemeza kochi na kichwa chako.

Halafu kuna hesabu ya chumba chenyewe. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na noti ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa chumba hukwama kati ya kuta mbili ikawa inavuma. Katika urefu wako wa mita nne, noti hiyo ni ya mitetemo 43 hivi kwa sekunde. Katika upana wa mita tatu, ni ya mitetemo 57. Na maradufu ya hizo, yaani 86 na 114, nazo huamka vilevile. Huko ndiko gita la besi linakotembea katika rumba na dansi. Ndiyo sababu utasikia noti moja imepaa hadi glasi za kabatini zinalia, na jirani yake imemezwa, ingawa mpigaji alizipiga kwa nguvu sawa. Niliwahi kupanga chumba cha mraba, mita tatu na nusu kila upande, ambamo urefu na upana huvumisha noti ile ile. Nikailaumu jozi nzuri ya spika hata nikaiuza, na jozi iliyofuata ikavuma vivyo hivyo.

Anza na kochi: livute mbele sentimita 40 tu kutoka ukutani, kisha sikiliza kabla hujagusa kitu kingine. Kama spika lazima zibaki kabatini, ziondoe kwenye kona na uzisogeze hadi ukingo wa mbele wa rafu, uso wa kasha ulingane na ukingo huo au uupite kidogo, kwa maana ubao unaobaki mbele ya spika hurudisha sauti za juu na kuzichafua. Nafasi zilizo pembeni zijaze vitabu, na usihangaike kuvipanga vilingane, kwani vitabu vilivyoingia na kutoka huvunja mwangwi kuliko vilivyonyooka kama gwaride. Kama kasha lina tundu la hewa kwa nyuma, liachie walau sentimita 20. Pasipopatikana nafasi hiyo, kunja soksi safi ulizibe nayo tundu, na besi itapungua papo hapo. Sikutanii: baadhi ya watengenezaji huweka vizibo vya sponji ndani ya boksi kwa kazi hiyo hiyo, ila spika za mtumba huwa zimekwisha kuvipoteza.

Lililo bora zaidi ni stendi. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa bomba la mraba na vipande viwili vya bati nene, na ukilijaza bomba hilo mchanga mkavu halitalia. Urefu wa sentimita 60 hadi 70 huifikisha twita kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Ziweke stendi mbele ya ukuta kwa sentimita 30 hadi 50, umbali wa kutoka ukuta wa pembeni usilingane na ule wa kutoka ukuta wa nyuma, na nafasi kati ya spika mbili ikaribiane na nafasi ya kutoka kila spika hadi kichwani pako. Kwa sebule yako, mita moja na nusu hadi mbili zinatosha.

Kuhakikisha kwamba umepatia, mimi hutumia rekodi ya zamani ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na rekodi za enzi hizo zote ni za mono, kwa hiyo spika zote mbili hutoa sauti ile ile hasa. Ukiketi mahali pako, mwimbaji anapaswa kusimama katikati, pale penye ukuta mtupu, kana kwamba kuna spika ya tatu. Akiegemea upande mmoja, sogeza spika kidogo kidogo mpaka arudi kati. Akiwa mkubwa mno na hana umbo, zigeuze spika zikuelekee zaidi. Lakini akiwa ametapakaa chumba kizima na besi imekonda, spika moja imeungwa kinyume. Zima amplifaya, chomoa waya za spika zote mbili, kisha gusisha kwa nukta moja betri ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, kwenye vishikizo vya spika, chanya kwenye chekundu: wufa inapaswa kuruka kuelekea nje. Ikizama ndani, kuna mtu aliyeifungua zamani akaifunga kinyume.

Umebaki mwangwi wa vigae na saruji, ambao ndio unaokula maneno ya mwimbaji. Piga kofi moja ukiwa umesimama katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetema kama bati, tandika zulia nene au mikeka miwili iliyopandana kati yako na spika. Kisha keti, na mtu mwingine apitishe kioo cha kujitazamia ukutani, pembeni yako: pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukurudia, na ndipo pa kutundika pazia zito au kuweka rafu ya vitabu. Trei za mayai usipoteze nazo muda. Besi hazizuii kabisa, sauti za juu huzipunguza kidogo mno, na hushika moto upesi.

SWALI: Nakusalimu, Fundi. Mzee wangu ameleta spika mbili ndogo na anataka zisimame katikati ya sebule kama wageni. Mimi nimeziwekea nafasi nzuri kwenye kabati la TV. Kama zinaitwa spika za rafuni, kwa nini zisikae rafuni? Tena nataka kubadilisha kitambaa cheusi cha mbele niweke kitenge kinachofanana na mito. Je, kuna ubaya? — *Mama wa wawili, Nairobi*

JIBU: Dada, jina lenyewe linakutetea, lakini nusu tu. Zamani, spika yenye besi ya kina ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1, ambayo kasha lake lilizibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani ikawa ndiyo springi ya wufa. Hivyo besi ya kina ikatoka kwenye kasha dogo, na watu wakaanza kuweka spika kati ya vitabu vyao. Hata LS3/5A, spika ndogo ambayo BBC iliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya sehemu finyu kama magari ya matangazo ya nje, ina urefu wa takribani sentimita 30 na kasha lililozibwa. Nyingi za siku hizi, kinyume chake, zina tundu la hewa, na kwa baadhi tundu hilo liko nyuma. Zigeuze uzitazame. Kama nyuma hakuna tundu, au tundu liko mbele, wewe umeshinda. Kama liko nyuma, mzee naye ana hoja, ingawa katikati ya sebule ni kuzidisha, na nusu mita kutoka ukutani ingemtosha kabisa.

Zikikaa kabatini, zilaze juu ya vipande vidogo vya mpira ili ubao usitetemeke nazo, na hakikisha TV haikuchomoza mbele ya nyuso zake. Kama rafu iko juu ya usawa wa macho yako ukiwa umeketi, igeuze spika kichwa chini ili twita iwe chini karibu na masikio, kisha inamishe kidogo kwa kabari. Hakuna kinachoharibika, ila nembo itasomeka kinyume, na kitambaa cha mbele kitaificha. Lakini usizilaze ubavu ili zienee vizuri: zikilala, kila anayehama kiti husikia sauti nyingine, kwa kuwa wufa na twita huwa zimekaa kwa umbali tofauti na sikio lake.

Kuhusu kitenge, lete kitambaa mdomoni na upulize. Pumzi ikipita bila kizuizi, endelea; ikirudi usoni, acha. Kisha fanya jaribio la pili, ambalo nalipenda zaidi: fungulia redio ya FM mahali pasipo na stesheni ili spika itoe mvumo wa mvua, halafu pitisha kitambaa mbele ya twita na kukiondoa, mara kadhaa. Mvumo ukififia kila kinapopita, ndivyo matoazi na herufi za mwimbaji zitakavyofifia. Vitenge vingi vyenye nta hushindwa majaribio yote mawili. Leso nyepesi iliyofuliwa ikatoka wanga hukaribia kufaulu, shashi hufaulu, na kitambaa cha jezi za mpira, kile chenye matundu madogo, hupita pasipo swali. Ukipata shashi yenye rangi ya mito yako, ivute kwenye fremu ya kitambaa cha zamani bila kukiondoa kile cha kwanza, umpime mzee kama atagundua kwa sikio.

Vitambaa vya kufuma vinaweza kukaa juu ya kasha mradi visining'inie mbele. Chungu cha maua yanayomwagiliwa maji kisikae hapo kamwe, kwa kuwa kasha nyingi ni za ubao wa MDF, na ubao huo ukinywa maji huvimba wala haurudi.

SWALI: Shikamoo, Fundi. Marehemu baba alituachia spika alizozinunua miaka ya themanini, zimevalishwa msaji mzuri lakini umepauka na una alama za vikombe. Pete ya sponji iliyozunguka wufa inapukutika, ukiigusa inakuwa unga mweusi unaonata. Nimeambiwa nitupe wufa niweke mpya za sokoni. — *Kijana wa Tanga*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usizitupe. Sponji ya aina hiyo huliwa na joto na unyevu, na pwani tuna vyote viwili mwaka mzima. Koni, lile faneli la wufa linalotetemeka, na koili, waya uliozungushwa nyuma yake, vikiwa vizima, kinachobadilishwa ni pete peke yake. Ukubwa wa kasha na krosova iliyomo (sakiti inayogawa besi kwa wufa na sauti za juu kwa twita) vilipangwa kwa ajili ya wufa hiyo hasa, kwa hiyo wufa nyingine, hata ikiingia kwenye tundu barabara, itaimba wimbo wake yenyewe. Pima kipenyo cha fremu na kipenyo cha koni kabla ya kuagiza pete, na ukipata ya mpira itadumu kuliko sponji. Gundi iwe inayobaki na unyumbufu ikikauka; mwenye kukujia na supagluu mwambie ana kazi nyingine mjini. Kabla gundi haijashika, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa usawa, huku ukiinamisha sikio. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, na koni inahitaji kusogezwa ukingali na dakika chache. Ukiwa umefungua kasha, mwombe fundi apime kapasita za krosova: za miaka hiyo huwa zimekauka, na mbadala wake uwe wa kipimo kile kile na wa aina isiyo na chanya wala hasi.

Sasa msaji. Wewe uliyezaliwa karibu na Longuza, lile shamba la misaji la huko kwenu Tanga, huhitaji kufundishwa mti huo, ila kumbuka kwamba hapa ni ngozi tu, mara nyingi haifiki milimita moja, iliyogundishwa juu ya ubao wa kawaida. Mashine ya kupiga msasa itaipasua hadi ndani kabla hujapepesa macho. Tumia mkono, msasa namba 240 kisha 400, ukifuata nyuzi za mti, na kwenye kona pita kama unayefuta vumbi. Alama za vikombe zikififia tosheka. Si lazima ziishe. Paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, subiri robo saa, ufute yote yasiyonywewa, na urudie kesho yake. Kitambaa hicho usikikunje ukakitupa jalalani, kwa sababu mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe. Kianike kimetandazwa nje. Vanishi ya kung'aa siipendekezi. Spika za umri huo zilitoka kiwandani zikiwa na mng'ao mdogo, na vanishi nzito huzifanya zifanane na meza ya hotelini.

SWALI: Spika zangu zimeandikwa wati 100 na amplifaya yangu ni ya wati 20. Twita zote mbili ziliungua kwenye sherehe. Inawezekanaje kidogo kiunguze kikubwa? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Amplifaya ilibanwa ipite uwezo wake. Inapofika kikomo, hukata vichwa vya mawimbi yakawa bapa, na wimbi lililokatwa hivyo huwa na nguvu inayoweza kukaribia maradufu ya ile iliyoandikwa, sehemu yake ikiwa ni sauti kali za juu ambazo krosova huzipeleka zote kwa twita. Koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele. Hizo wati 100 ziliandikwa kwa ajili ya spika nzima ikipiga muziki wa kawaida, ambao nguvu yake nyingi huwa kwenye besi.

Wakati mwingine, ukisikia matoazi yamekuwa makali na sauti imeanza kukwaruza, punguza. Kununua amplifaya ya wati 100 kutakuongezea desibeli saba tu, na kwa sikio haifiki hata maradufu. Spika ndogo ya kawaida hutoa desibeli 86 hivi kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, kwa hiyo sebuleni hutumii hata wati mbili kwa usikilizaji wa kawaida. Sherehe ya uani si kazi yake; kodi muziki. Na ukikutana na boksi lililoandikwa wati 3000 za PMPO, hesabu kwamba hujaambiwa chochote, tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu inayotolewa kwa mfululizo.

SWALI: Muuzaji ananitaka nilipe bei inayokaribia ya spika zenyewe kwa waya maalumu wa mita tano. Utasaidia? — *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Utamsaidia yeye. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwa mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani wa takribani sehemu moja ya kumi ya omu, mbele ya spika ya omu nane. Kagua tu kama ni shaba kweli: kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba.

SWALI: Mjusi ameingia kwenye tundu la hewa la spika yangu. Nikipiga taarabu anatulia, nikizima anakwaruza. — *Msomaji, Unguja*

JIBU: Zima muziki na taa, iache spika usiku kucha tundu likielekea dirishani, naye kwa kawaida atatoka kufuata wadudu. Asipotoka, au akishaanza kunuka, fungua skrubu za wufa, ivute nje taratibu bila kuning'iniza waya, uweke alama kwenye waya wa chanya kwa kipande cha utepe, kisha umtoe kwa koleo pamoja na pamba aliyojilalia, na pamba iliyo safi irudishe kama ilivyokuwa. Mwisho gundisha wavu wa dirisha kwenye tundu, kwa upande wa ndani usionekane. Ukisikia hewa inapuliza kwenye besi kubwa, badilisha uweke wavu wenye matundu mapana zaidi, mradi mjusi asipite.